Mpwa wangu amekuwa mpole ghafla. Je, ni ugonjwa?

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Tandahimba. Mpwa wangu ana miaka sita, yupo darasa la kwanza. Dada yangu alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi mwezi wa sita mwaka huu, mtoto akabaki na bibi yake, yaani mama yangu. Alikuwa mtundu na mwenye maneno mengi. Sasa hachezi na wenzake, amerudia kukojoa kitandani wakati alishaacha akiwa na miaka mitatu, na kila asubuhi tumbo linamuuma. Zahanati wamempima malaria na choo mara mbili, hawakuona kitu. Usiku mara nyingine anakaa kitandani anapiga kelele macho wazi, hatutambui, na asubuhi hakumbuki. Mwalimu anasema hana shida, ni mpole tu. Bibi anasema anadeka. Majirani wanasema ni mashetani. Wazee wanataka aingie jandoni Desemba hii, wanasema huko atachangamka. Hivi mtoto mdogo namna hii anaweza kuwa na ugonjwa wa akili? Nitaujuaje?

Jibu: Marahaba, Mjomba. Nakuita hivyo kwa sababu huko kwetu Kusini mjomba ana neno zito kwenye maisha ya mpwa wake, na kwenye swali lako kuna jambo moja ambalo litahitaji neno lako mbele ya wazee. Nitalifikia.

Ulichouliza jibu lake ni ndiyo. Mtoto wa miaka sita, hata wa mitatu, anaweza kuugua upande wa akili na hisia. Shirika la Afya Duniani linasema takriban theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14. Tatizo ni kwamba ukitaja ugonjwa wa akili, watu wanamfikiria yule anayezunguka stendi akiokota makopo na kuongea peke yake. Maradhi ya namna hiyo kwa mtoto mdogo ni nadra sana. Watoto wadogo huugua hofu iliyopitiliza, huzuni isiyoondoka, mshtuko wa jambo walilolipitia, na wapo wenye tatizo la ukuaji wa ubongo kama usonji. Mengi kati ya hayo, yakionekana mapema, mtoto anasaidika vizuri.

Katika yote uliyoniandikia, nimesimama zaidi kwenye maneno ya mwalimu: hana shida, ni mpole. Simlaumu, darasa la kwanza linajaa na macho yake ni mawili. Lakini kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, mtoto anayerusha mawe na kung'ata wenzake huletwa kwangu wiki hiyo hiyo. Aliyenyamaza huletwa baada ya mwaka, tena mara nyingi kwa sababu nyingine kabisa, labda amekonda au hajui kusoma. Mtoto anayenyamaza hamsumbui mtu, kwa hiyo hakuna anayemuuliza. Kuna watoto waliozaliwa wapole, na upole wao ni afya. Mpwa wako hakuwa hivyo. Alikuwa na maneno mengi, na maneno hayo yamekwenda mahali fulani. Upole ulioanza mwezi wa sita hauwezi kuwa tabia yake.

Hapo ndipo pa kuanzia kwa mtoto yeyote: mlinganishe na yeye mwenyewe wa jana, mwache mtoto wa jirani. Kisha tazama muda. Mnakumbuka Aprili 2019, tahadhari ya kimbunga Kenneth ilipotolewa na watu wa Mtwara wakaambiwa waelekee sehemu salama. Kwa siku kadhaa baadaye kulikuwa na watoto waliokataa kulala bila kumshika mama, upepo ukivuma kidogo wanalia. Wengi wao walitulia wenyewe ndani ya wiki chache, bila dawa wala daktari. Hofu ya namna hiyo ni kazi ya kawaida ya akili ya mtoto. Inapovuka mwezi, na badala ya kupungua inaongeza matawi, leo tumbo, kesho mkojo, keshokutwa hachezi, hapo sisubiri tena. Mpwa wako ana miezi kadhaa, na dalili zimeenea nyumbani, shuleni, mchana na usiku.

Sasa nikwambie kitu ninachokitazama kuliko vyote, kwa sababu wewe unaweza kukitazama vizuri kunizidi. Mchezo.

Mtu mzima akiwa na huzuni anasema, moyo wangu mzito. Mtoto wa miaka sita hana maneno hayo. Anasema kwa tumbo, kwa kichwa, kwa mkojo, na kwa jinsi anavyocheza au asivyocheza. Niliwahi kukaa mkekani na mtoto wa kike wa miaka mitano, kijiji kimoja upande wa Lindi. Familia ilimleta kwa sababu alikuwa hali chakula. Nilimpa magunzi ya mahindi na vipande vya kanga, nikakaa pembeni nikijifanya nachambua mchele. Alichukua gunzi moja, akalivika kitambaa, akalilaza, akalifunika gubigubi. Akalifunua. Akalifunika tena. Hakuimba, hakulipikia, hakulibeba mgongoni kama watoto wanavyofanya wakicheza mama na mtoto. Alifunika na kufunua kwa karibu nusu saa, uso umekauka, na nilipomsogezea gunzi la pili alilisukuma. Babu yake, aliyekuwa analala naye chumba kimoja, alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Mtoto alikuwa ameambiwa babu amesafiri.

Mchezo wa mtoto mwenye afya unabadilika. Leo gunzi ni mtoto, kesho ni gari, keshokutwa ni simu. Ukiona mtoto anarudia jambo lile lile, bila raha, bila kuongeza kitu, kuna jambo limemkwama. Na ukiona ameacha kabisa kucheza, mabibo yameanza kuanguka na wenzake wako chini ya mikorosho yeye yuko barazani anachora chini kwa kijiti, hiyo kwangu ni dalili yenye uzito kama homa kali. Kaa naye Jumamosi moja, dakika ishirini tu, umpe vifuniko vya chupa na makopo, usimwelekeze. Tazama anafanya nini, kisha andika.

Kwa kisa hicho cha babu aliyesafiri, kuna swali ambalo hukuligusa: dada yako aliondokaje?

Nauliza kwa sababu desturi yetu naijua. Mama anaamka usiku wa manane, anafunga begi kimya kimya, anakwenda kupanda basi la Dar mtoto akiwa amelala, ili asilie. Kukikucha mtoto anaambiwa mama kaenda sokoni, anarudi sasa hivi. Anakaa mlangoni hadi jua linazama. Kesho yake anaambiwa kesho. Hakuna anayefanya hivyo kwa ubaya, tunamwonea huruma. Lakini mtoto anachojifunza ni kwamba ukifumba macho watu wanatoweka, na kwamba waliobaki wanadanganya. Kama ndivyo ilivyokuwa, usingizi kwake umekuwa kitu cha kuogopa, na shule pia, maana akiwa shuleni nani anajua kama bibi naye hatatoweka? Tumbo la asubuhi linaanza kueleweka hapo. Lifuatilie: Jumamosi na Jumapili linauma? Likiuma siku za shule tu, umepata fununu. Na tafadhali asiambiwe anaigiza. Maumivu ya tumbo yanayotokana na hofu ni maumivu kweli, utumbo na ubongo vimeunganishwa na mishipa ya fahamu na hofu inaukaza utumbo hasa.

Hata hivyo, mimi ni mtu wa afya ya akili na bado nakwambia, mwili upimwe vizuri kwanza. Malaria na choo havitoshi. Mtoto aliye chini ya miaka mitano kukojoa kitandani hatuhesabu kuwa tatizo, na wapo wa miaka sita au saba ambao hawajawahi kuacha, mara nyingi ni jambo la ukoo na huisha lenyewe. Lakini aliyekaa mkavu miezi sita au zaidi kisha akarudia, huyo ana sababu inayotafutwa. Mkojo upimwe kama una maambukizi na kama una sukari. Kisukari kinawapata watoto pia, na mtoto anayekunywa maji sana, anayekojoa sana na kukonda apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri wiki ijayo. Muulizeni bibi kuhusu choo chake: choo kigumu kikijaa kinabana kibofu, kinaleta tumbo na mkojo kwa pamoja, na tiba yake ni rahisi. Masikio yaangaliwe, kwani mtoto asiyesikia vizuri naye hujitenga. Na mchunguze kama kuna nyakati anaduwaa kwa sekunde chache katikati ya jambo, kope zinapepesa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hiyo ni aina ya kifafa isiyoangusha, na shuleni wanaiita uzembe.

Nije kwenye mashetani. Sitamcheka jirani yako. Mtoto aliyekaa kitandani macho wazi, anapiga kelele, hamtambui bibi yake, anatisha, na mtu akitishika anatafuta jina. Ila hali hiyo tunaijua vizuri hospitalini. Ni hofu kali ya usingizini, inakuja saa chache za mwanzo baada ya kulala, mtoto akiwa katika usingizi mzito kabisa. Sehemu ya ubongo imeamka, nyingine bado imelala, ndiyo maana hakumbuki asubuhi. Inawapata watoto wengi wadogo, zaidi wakiwa wamechoka, wana homa au wana wasiwasi, na wengi huacha wanapokua. Ndoto mbaya ni jambo jingine: hiyo huja karibu na alfajiri, mtoto anaamka kabisa, anakukumbatia na kukusimulia. Akipata hiyo ya kupiga kelele msimtikise wala kummwagia maji. Bibi akae karibu, azuie tu asianguke, aseme naye kwa sauti ya chini hadi alale tena. Na alazwe mapema kidogo kuliko sasa. Kama usiku huo mwili unajikaza, anatetemeka upande mmoja, anatoka povu au inatokea mara nyingi usiku mmoja, hapo mwelezeni daktari, kwa sababu kifafa cha usiku hufanana na hali hiyo.

Mkitaka kumwombea dua, mwombeeni, mtoto akisomewa kwa upole mapajani mwa bibi yake anatulia na mimi sina ugomvi na hilo. Ninachokataa ni kumfukiza, kumchanja chale, kumfunga, kumnyima chakula au kumpiga ili kitu kimtoke. Nimepokea watoto waliokuja na tatizo moja wakiwa tayari na mawili.

Kuna jambo jingine sitaliruka, ingawa ni gumu kuandikiana. Kurudia kukojoa, tumbo, kunyamaza na kuogopa usiku vinaweza pia kuwa dalili za mtoto aliyefanyiwa ukatili, wa kipigo au wa kingono, na wavulana nao wanafanyiwa. Sisemi limetokea. Nasema msilipuuze kwa sababu tu nyumba ni ya bibi. Tazameni kama kuna mtu mmoja au sehemu moja anayoikwepa, kama anakataa kuvuliwa nguo, kama ana maumivu au michubuko sehemu za siri, kama anacheza michezo ya mambo ya kikubwa asiyopaswa kuyajua. Akianza kusema, msikilize, mwambie umefanya vizuri kuniambia, usimhoji mara kumi wala usimlete mtuhumiwa mbele yake. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, ni bure. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na dawati la jinsia na watoto la polisi wapo kwa kazi hiyo hiyo.

Wasomaji wenye watoto wadogo zaidi, kwa ufupi: mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina, wa mwaka na nusu asiyenyoosha kidole kukuonyesha kitu, au wa umri wowote aliyekuwa na maneno akayapoteza, apelekwe bila kungoja atakua tu. Vurugu za kujitupa chini za mtoto wa miaka miwili au mitatu ni za umri wake. Rafiki wa kufikirika anayezungumza naye pia ni wa umri wake, wala si wazimu. Na mtoto hata wa miaka sita au saba akisema bora nife, msimpige kofi la mdomo. Muulize anamaanisha nini, mtu mzima akae naye, apelekwe hospitali, na viuatilifu vya korosho vilivyo chini ya kitanda vifungiwe mahali asipopafikia. Huko kwetu dawa hizo zinalala chumba kimoja na watoto, na hilo linaninyima raha kila msimu.

Sasa jando, Mjomba. Mimi ni mtoto wa Kusini, sitakuja kukwambia jando ni baya. Mtoto mwenye afya akitoka huko akavikwa nguo mpya na ngoma ikalia, anatembea kifua mbele mwaka mzima. Lakini tazama huyu wako alivyo hivi leo. Kinachomuumiza, kwa ninavyosoma, ni kutenganishwa. Mkimtoa kwa bibi Desemba mkampeleka kukaa mbali, na maumivu ya tohara juu yake, mtakuwa mmerudia kidonda kile kile mahali pale pale. Atatoka kimya zaidi, na wazee watasema amekomaa. Naomba asubiri msimu mwingine. Mama yako akisema hivyo wataona huruma ya bibi, nikisema mimi wataona maneno ya hospitali. Ukisema wewe, mjomba wake, kwamba mtoto ni mgonjwa na mgonjwa haingizwi, watakusikiliza. Na kama ni lazima atahiriwe, ifanyike hospitali akiwa amepona hiki kwanza.

Mpeleke hospitali ya wilaya, na kama hapo hawana mtaalamu wa afya ya akili, omba barua ya rufaa ya kwenda Ligula, Mtwara. Walio upande wa Lindi wana Hospitali ya Sokoine. Bibi aende nanyi, yeye ndiye anayelala naye. Nenda na daftari lenye siku kumi na nne: alilala saa ngapi, aliamka mara ngapi, alikojoa au la, tumbo liliuma siku gani, alicheza na nani. Daftari hilo linamsaidia daktari kuliko kusema tu mtoto amebadilika. Usiogope kwamba atapigwa sindano za usingizi. Kwa umri huu tiba kubwa ni kuzungumza, kuchora, kucheza, na kuwafundisha nyinyi mnaomlea, dawa huja mara chache na kwa sababu maalumu.

Wakati mnangoja, mambo ya nyumbani. Kukojoa kusitajwe mbele za watu, asianikishwe godoro wenzake wakipita kwenda shule, asiimbiwe nyimbo za kikojozi. Awekewe nailoni chini ya shuka, aamke, abadilishwe, basi. Bibi asiache kumpakata kwa kuogopa kumdekeza. Mtoto aliyepungukiwa na mama hazidishiwi mapenzi akaharibika. Mwalimu aambiwe kilichotokea, kwa maneno machache, ampe kazi ndogo ya kushika chaki au kukusanya madaftari ili aitwe jina lake walau mara moja kwa siku.

Na dada yako apige simu siku moja na saa moja isiyobadilika, tuseme Jumapili saa moja jioni, wala asiseme nakuja kesho kama haji kesho. Aseme ukweli wote, na kama aliondoka hivyo usiku aseme: nilitoroka ukiwa umelala, nilikosea, sikukuacha kwa sababu ulikuwa mtundu. Watoto wengi wa umri huu huamini wao ndio waliomfukuza mama, na hakuna anayewatoa kwenye imani hiyo kwa sababu hawaisemi. Kisha asimuulize unaendeleaje, swali hilo halijibiki ukiwa na miaka sita. Amuulize mtoto, bibi amepika ming'oko lini, mbuzi amezaa wangapi, ni nani amehamia dawati lake. Akinyamaza, mama asikate simu. Amwimbie, amsimulie alichokula leo, wakae hivyo hivyo na simu sikioni hadi muda wao uishe.